Sura ya 7: Petroli Inapovuja katika Gari la Zamani

Swali ambalo mafundi wa magari huulizwa mara kwa mara na wenye magari ya zamani ni hili: kwa nini gari linanuka petroli ilhali chini yake hakuna hata tone? Swali la pili hufuata papo hapo, nalo ni kama gari hilo linaweza kuendelea kutembea mpaka mwisho wa mwezi, mshahara utakapotoka. Jibu la swali la pili ni fupi: gari linalovuja petroli haliendeshwi mpaka chanzo cha mvujo kijulikane na kiondolewe. Jibu la swali la kwanza ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu petroli ina tabia ya kujificha. Ikivuja kidogo juu ya injini yenye moto hugeuka mvuke kabla haijafika chini, na ikivuja chini ya gari hutambaa juu ya chasisi na kudondokea mbali na mahali ilipotokea, hivyo mwenye gari huona tone upande wa kushoto wakati tatizo liko upande wa kulia.

Katika sura hii, gari la zamani ni lile la kabureta, kama vile Datsun 1200 au Corolla KE70, pamoja na lile la EFI la miaka ya 1990, kama vile Corolla AE100. Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila msaada wa umeme mwingi wala kompyuta, na EFI ni mfumo ambao kompyuta ya gari huamuru petroli inyunyizwe ndani ya injini kwa vipimo. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili, kwa upande wa mvujo, ni presha, nayo itaelezwa baada ya kuangalia jambo ambalo halina budi kutangulia mengine yote.

Mvuke ndio unaowaka

Kila kimiminika kinachoshika moto kina kiwango chake cha kuwaka, yaani joto la chini kabisa ambalo kimiminika hicho hutoa mvuke wa kutosha kuwaka ukikutana na cheche. Kwa dizeli kiwango hicho ni zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, ilhali kwa petroli ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba hakuna siku wala mahali katika Afrika Mashariki, hata kileleni mwa Kilimanjaro, ambapo petroli iliyomwagika haitoi mvuke unaoweza kuwaka. Mvuke huo una uzito mara tatu hadi nne ya uzito wa hewa, kwa hiyo haupandi juu na kutawanyika kama moshi, bali hushuka, hutambaa ardhini, hujikusanya katika shimo la gereji au kwenye mtaro, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la mama lishe lililo hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Moto ukianza pale jikoni, hurudi kwa njia ileile mpaka kwenye chanzo.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, na watu zaidi ya 100 walifariki baada ya petroli iliyomwagika kushika moto. Petroli iliyomo katika gari dogo ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya lori, lakini tabia ya mvuke wake ni ileile, na kwa sababu hiyo fundi anayewasha kiberiti ili aone vizuri chini ya gari linalovuja anafanya jambo ambalo halina udhuru wowote.

Kabla ya kugusa chochote, mambo haya yafanyike:

- Gari lisukumwe hadi mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mashine ya kuchomelea na mtu anayevuta sigara. Lisiwashwe ili kuhamishwa.
- Waya hasi wa betri ufunguliwe kabla ya kufungua njia yoyote ya mafuta. Kama petroli imeshamwagika karibu na betri, ngojea ikauke kwanza, kwa sababu kufungua waya huweza kutoa cheche.
- Mwanga uwe wa tochi ya betri. Taa ya balbu ya kioo yenye waya mrefu, ambayo mafundi wengi huitundika chini ya boneti, ikianguka na kupasuka, uzi wake wenye moto unatosha kuwasha mvuke.
- Kizima moto cha poda kavu au cha povu kiwe karibu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kuendelea kuwaka huku ikisambaa.

Njia ya mafuta na presha yake

Petroli huanza safari yake tangini, hupita kwenye mabomba membamba ya chuma yaliyofungwa chini ya gari, huchujwa na filta, kisha huingia katika kabureta au katika nozeli, ambazo ni vinyunyizio vidogo vya umeme vya mfumo wa EFI. Kila mahali ambapo chuma kisichotikisika hukutana na injini inayotikisika, mtengenezaji wa gari ameweka kipande cha mpira ili kimeze mtikisiko huo. Magari mengi yana pia njia ya kurudi, ambayo hurejesha tangini petroli isiyotumika.

Kinachosukuma petroli ni pampu. Katika gari la kabureta pampu hiyo kwa kawaida imefungwa ubavuni mwa injini, huendeshwa na injini yenyewe, na presha yake ni ndogo, takriban bari 0.2 hadi 0.3. Katika gari la EFI pampu ni ya umeme, mara nyingi imo ndani ya tangi, na presha yake ni takriban mara kumi au zaidi ya ile ya kwanza; kwa injini ya 4A-FE iliyofungwa katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, presha sahihi ni takriban kati ya bari 2.7 na 3.0. Ufa ambao katika Datsun ungetoa jasho tu, katika Corolla ya EFI hurusha petroli kama dawa ya mbu, na mnyunyizo wa namna hiyo juu ya bomba la moshi lenye moto ndio unaounguza magari barabarani.

Kwa ufupi: mvujo wa kabureta huloanisha, mvujo wa EFI hurusha, na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya wa kwanza hauwezi kuwekwa kwa wa pili.

Kusoma wakati na mahali

Fundi mzuri hafungui kitu kabla hajauliza maswali. Swali lake la kwanza ni la wakati, kwa sababu wakati ambapo mvujo hujitokeza huondoa nusu ya sehemu zinazoshukiwa kabla hata jeki haijawekwa.

- Ikiwa petroli hudondoka gari likiwa limesimama na injini imezimwa usiku kucha, kinachoshukiwa ni tangi lenyewe au mpira ulio chini ya usawa wa mafuta yaliyomo tangini.
- Ikiwa hudondoka injini inaponguruma tu, kinachoshukiwa ni sehemu yenye presha, yaani kuanzia kwenye pampu hadi kwenye injini.
- Ikiwa harufu hutokea siku ya kujaza tangi na kupotea baada ya robo ya mafuta kutumika, mvujo uko sehemu ya juu: mpira wa kujazia, mpira wa kupumulia tangi, au gasketi ya geji ya mafuta.
- Ikiwa harufu hupanda dakika chache baada ya kuzima injini ya kabureta iliyotoka safari ndefu, petroli inachemka na kufurika ndani ya kabureta kwa joto la injini.
- Ikiwa harufu husikika zaidi na abiria wa nyuma, hasa gari linapokata kona, kiti cha nyuma kinyanyuliwe, kwa kuwa katika magari mengi madogo ya Toyota ya miaka ya 1990 mfuniko wa geji na pampu uko chini ya kiti hicho.

Swali la pili ni la mahali, na hapa kuna alama moja ambayo wengi huipita bila kuiona. Petroli huyeyusha oili na kuondoa vumbi, kwa hiyo katika injini iliyojaa uchafu wa miaka mingi, sehemu inayovuja mara nyingi ndiyo iliyo safi kuliko nyingine zote: chuma kinang'aa, au mstari mwembamba usio na vumbi unashuka kutoka kwenye kiungo fulani. Mvujo wa polepole, ambao hukauka kabla ya kutiririka, huacha doa la kahawia lenye kunata. Macho yafuate doa au mstari huo kuelekea juu, na pia kuelekea mbele ya gari, kwa sababu upepo wa mwendo husukuma tone nyuma. Mahali palipo juu kabisa penye unyevu ndipo penye chanzo, na kinachoonekana chini yake ni matokeo.

Alama zikikosekana, sehemu inayoshukiwa isafishwe, ikaushwe kabisa, kisha ipakwe poda ya watoto kwa brashi laini. Petroli hata kidogo hubadilisha rangi ya poda hiyo na kuchora njia yake waziwazi. Kwa gari la EFI ni lazima presha iwepo ndipo poda iseme kitu, na magari mengi ya Toyota ya miaka ile yana njia rahisi ya kuipata: chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi chenye mfuniko, na ndani yake kuna tundu mbili zenye alama +B na FP. Swichi ikiwa imezimwa, betri ikiwa imerudishwa na mvuke wote ukiwa umeondoka, tundu hizo huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha swichi hufunguliwa bila kupiga stata. Pampu huanza kufanya kazi na presha hujaa injini ikiwa baridi na kimya, na fundi huweza kukagua kila kiungo bila feni kuzunguka wala moto wa bomba la moshi kuwa karibu. Petroli ikianza kutoka, swichi izimwe mara moja, kwani kazi ya kutafuta imeshakwisha.

Wapo wanaoudharau mvujo wa tone moja moja. Matone 50 hivi ya petroli hufanya mililita moja, na tone moja kila sekunde kwa saa 24 ni zaidi ya lita moja na nusu. Hasara hiyo ya fedha ni kubwa, lakini ni ndogo kuliko hatari ya mvuke wake.

Mipira, mahali pa kuanzia

Katika gari la umri wa miaka 25 au 30, mpira ndio mshukiwa wa kwanza, na sababu yake inastahili kueleweka vizuri kwa kuwa hapa ndipo makosa mengi ya gereji hufanyika. Mpira wa asili huvimba na kulainika ukiguswa na petroli, ndiyo maana mipira ya mafuta hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani unaoitwa naitraili, ambao huvumilia petroli kwa miaka mingi lakini si milele. Joto la injini huukausha kwa nje, petroli huunyonya viambato vyake kwa ndani, na baada ya miaka mpira uliokuwa unanyumbulika huwa mgumu na kushindwa kuubana mdomo wa bomba. Ndiyo sababu mvujo mwingi hutokea kwenye klipu na si katikati ya mpira.

Kuukagua hakuhitaji vifaa. Mpira ukiminywa kwa vidole, ulio mzima hubonyea na kurudi, uliozeeka hukataa kubonyea au hubaki na alama ya vidole. Ukikunjwa polepole, nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja huonekana juu ya kona ya mkunjo. Ukikutwa umevimba karibu na klipu, umeshaanza kuoza ndani. Mpira mmoja ukipatikana na hali hiyo, ibadilishwe yote iliyokuja na gari, hata ile inayoonekana mizima, kwa kuwa yote ina umri mmoja. Kubadilisha mmoja na kuacha mitano ni kumwandalia mwenye gari safari nyingine tano za gereji.

Ununuzi wa mpira mpya ndio unaohitaji uangalifu kuliko kazi yenyewe. Mpira wa mafuta wa kweli huchapwa alama ubavuni, na alama mbili zinatosha kukumbukwa: SAE 30R7 ni ya presha ndogo, inafaa kwa kabureta na njia ya kurudi, na SAE 30R9 ni ya presha kubwa ya EFI. Mnunuzi anayekwenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi aombe kuiona alama hiyo kabla ya kipande kukatwa, kwa sababu dukani mipira yote ni myeusi na yote husemekana kuwa ya mafuta. Mpira wa maji, mpira wa gesi ya kupikia na bomba la plastiki linaloonyesha ndani, ambalo hupendwa kwa kuwa mafuta huonekana yakipita, havifai. Plastiki hiyo hukakamaa kwa petroli na joto, kisha huteleza kwenye mdomo wa bomba siku isiyotarajiwa.

Klipu nayo ina mambo yake. Klipu ya kawaida ya skrubu ina matundu katika ukanda wake, na inapokazwa sana mpira huingia katika matundu hayo na kukatwa taratibu, ilhali klipu ya EFI ni laini kwa ndani na kingo zake zimekunjwa kwenda juu ili zisikate. Mpira usukumwe mpaka upite uvimbe mdogo ulio kwenye mdomo wa bomba, klipu iwekwe nyuma ya uvimbe huo, na ikazwe mpaka mpira ubanwe, wala si mpaka mpira uanze kutoka pembeni. Fundi anayekaza klipu kwa nguvu zake zote ili azuie mvujo wa mpira mgumu anaongeza ufa.

Mabomba ya chuma hudumu zaidi, ila yanaliwa na kutu. Magari yanayotumika Tanga, Mombasa na Zanzibar hupata chumvi ya bahari, na baadhi ya magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, kama vile Hokkaido, huletwa yakiwa tayari yameliwa kwa chini na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kutu hujificha chini ya vishikizo vinavyolishika bomba kwenye chasisi, kwa hiyo vishikizo vifunguliwe wakati wa ukaguzi. Bomba lililotoboka libadilishwe kwa bomba la chuma. Kukata mita nzima ya chuma na kuweka mpira mrefu ulioning'inia ni kazi ya dakika 10 inayomwacha mwenye gari na mpira utakaosuguliwa na mawe kila siku.

Kabureta na pampu yake

Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli kuna boya linalofanya kazi ileile ya boya la tangi la maji: usawa ukipanda, boya huinuka na kusukuma sindano inayoziba njia ya kuingilia. Kabureta inayofurika kwa kawaida ina tatizo katika mojawapo ya vitu hivyo viwili. Chembe ya mchanga au ya kutu ikikaa chini ya sindano, njia haizibi, na petroli hupanda mpaka imwagike juu ya injini. Boya likitoboka, huingiza petroli, huwa zito na kushindwa kuinuka. Njia ya kulipima ni kulitoa na kulitikisa karibu na sikio; kikisikika kitu kinachocheza ndani, boya limekwisha. Kusafisha kabureta bila kubadilisha filta ni kazi bure, kwa sababu uchafu uliotoka tangini utarudi tena.

Pampu ya ubavuni ina kiwambo, yaani ngozi nyembamba inayopanda na kushuka kusukuma petroli. Kiwambo kikipasuka, petroli hutoka kwenye tundu dogo chini ya pampu, na huo ni mvujo wa heri kwa kuwa unaonekana. Mvujo wa shari ni ule unaoingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Kijiti cha kupimia oili huonyesha kiwango kilichopanda bila mtu kuongeza, na oili hunuka petroli. Injini hiyo isiwashwe hata mara moja, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi tena. Pampu ibadilishwe, oili yote imwagwe, na filta ya oili iwekwe mpya.

Filta, nozeli na kidhibiti presha cha EFI

Presha ya EFI hubaki katika mabomba hata baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo mtu akifungua boliti ya filta bila kuitoa presha hiyo, petroli humrukia usoni. Kama mvujo hauko karibu na injini, fyuzi au rilei ya pampu hutolewa na injini huachwa ingurume mpaka izime yenyewe. Kama mvujo uko chini ya boneti, njia hiyo haifai. Gari liachwe lipoe kwa saa kadhaa, kisha boliti ifungwe kitambaa kizito na kulegezwa kidogo kidogo.

Filta ya Corolla za wakati huo imeunganishwa na bomba kwa boliti yenye tundu, ambayo hupitisha petroli katikati yake, na pande zote mbili za kiungo huwekwa washa laini za chuma. Washa hizo hubonyea mara moja tu ili zizibe. Fundi anayerudisha za zamani baada ya kubadilisha filta huacha mvujo ambao haukuwapo gari lilipoingia gereji, na ni haki ya mteja kuziona washa mpya kabla kazi haijaanza.

Nozeli kila moja ina oringi juu, yaani pete ya mpira inayozuia petroli isitoke. Oringi kavu iliyosukumwa kwa nguvu hujikunja au hukatika kingo. Ipakwe petroli safi au oili nyepesi kidogo kabla ya kuingizwa, na nozeli ikishakaa mahali pake izungushwe kwa vidole kushoto na kulia. Ikizunguka kwa ulaini, oringi imekaa vizuri. Ikigoma, itolewe na oringi nyingine iwekwe, maana ile ya kwanza imeshajeruhiwa.

Upo pia mvujo usioonekana kabisa kwa nje. Kidhibiti presha, kifaa kidogo kinachoruhusu petroli iliyozidi irudi tangini, kina kiwambo ndani yake na mpira mwembamba unaokiunganisha na njia ya hewa ya injini. Mpira huo ukichomolewa na kukutwa na petroli ndani, kiwambo kimepasuka na injini inanyonya petroli ya ziada, jambo ambalo mwenye gari huliona kama moshi mweusi na matumizi makubwa ya mafuta.

Dizeli kwa maneno machache

Dizeli haiwaki kirahisi, lakini mvujo wake una hila nyingine. Kati ya tangi na pampu ya gari la zamani la dizeli, mafuta mara nyingi huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo kiungo kilicholegea upande huo huingiza hewa ndani badala ya kutoa mafuta nje, na dalili yake ni gari kusumbua kuwaka asubuhi ilhali chini ni kukavu. Wenye Land Cruiser na Hiace za zamani hununua betri na plagi za joto bila kupata nafuu, wakati tatizo ni klipu ya mpira. Pampu zenyewe pia huweza kuanza kuvuja aina ya mafuta inapobadilika. Mwaka 1993, Marekani ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, oringi kuukuu za naitraili zilisinyaa na kuvuja katika baadhi ya magari, kwa sababu viambato vilivyokuwa vikizivimbisha vilipungua pamoja na salfa hiyo.

Tangi

Tangi likitoboka barabarani, mafundi na madereva hupaka sabuni ya kipande kwenye tundu, nayo hushika kwa muda kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi. Sabuni hiyo ni ya kulivusha gari kutoka mahali pa hatari, na thamani yake inaishia hapo. Maji ya mvua huiosha. Gundi ya chuma ya vipande viwili hudumu zaidi endapo tangi limemwagwa mafuta, likasuguliwa mpaka chuma cheupe na kukaushwa, lakini ikipakwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu hiyo.

Kuchomelea tangi ni jambo la kusemwa bila kupepesa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na tangi lililomwagwa, ambalo kwa macho ni tupu na salama, linaweza kuwa na mchanganyiko huohuo hasa, kwa kuwa petroli hubaki katika mikunjo na chini ya tabaka za kutu na kuendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi. Kuliacha juani wiki nzima hakutoshi, wala kulisuuza mara moja kwa sabuni. Kazi hiyo ni ya karakana yenye uwezo wa kulisafisha kwa mvuke wa maji moto na kulipima kabla ya moto kukaribia. Pasipo karakana ya namna hiyo, litafutwe tangi jingine, jipya au lililotumika ambalo halina kutu, na kijana wa kuchomelea mageti asipewe kazi ambayo inaweza kumuua kwa ajili ya kupunguza gharama.

Baada ya matengenezo

Kazi ikikamilika, betri irudishwe, kwa gari la EFI pampu iendeshwe bila kuwasha injini, na kila kiungo kilichoguswa kipitishiwe kidole kikavu na karatasi nyeupe. Kisha injini iwashwe na kuachwa ipate moto, izimwe, na ukaguzi urudiwe baada ya nusu saa, kwa kuwa viungo vingine havivuji mpaka chuma kipanuke kwa joto. Asubuhi inayofuata, kadibodi safi iliyolazwa chini ya gari usiku ikaguliwe kabla ya ufunguo kuzungushwa. Moto ukitokea katika hatua yoyote ya kazi hii, watu waondoke kwanza na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu. Kwa Tanzania namba yake ni 114.

Magari mengi hurudishwa kwa mwenyewe yakiwa na lita tano tangini, na mvujo wa juu ya tangi hauwezi kuonekana kwa kiasi hicho. Mwenye gari anaombwa alijaze tangi mpaka juu siku hiyohiyo ya matengenezo, fundi akiwa bado anapatikana, na asimalize kumlipa mpaka gari lililojaa lilale usiku mmoja bila kunuka.